Bei Itapanda Siku ya Siku

Hii ninayowapa leo mtasema nimeiota. Semeni tu. Mwanamke mmoja pale Tanga aliteleza ulimi kwenye neno moja la Kiswahili, neno moja jamani, na mafuta ya dunia nzima yakafuata ulimi wake.

Anaitwa Sikudhani Shemboza, nyumbani wanamwita Siku, na kazi yake ni msomaji wa bei. Usicheke. Ni kazi kubwa ile. Ghorofa ya nne, Nyumba ya Bei, Raskazone, dirisha linatazama matangi ya Chongoleani ng'ambo ya ghuba, meupe, yamejipanga kama masufuria ya harusi. Kila Jumatatu saa tatu kasorobo asubuhi mashine inatema karatasi moja. Saa tatu kamili Siku anaisoma kwenye kipaza sauti. Masoko matano yamenyamaza yanamsikiliza yeye: Tanga yenyewe, Fujaira, Singapuri, Rotterdam, Houston. Kabla hajafungua mdomo hakuna anayenunua hata pipa moja. Ndiyo sheria, na wameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: KILICHOTAMKWA NDICHO KINACHOHESABIWA.

Mashine ina jina lake refu la kiserikali ambalo hakuna anayelikumbuka. Mji mzima unaiita Shangazi. Kwa nini? Kwa sababu inajua mambo yako kabla wewe mwenyewe hujayajua, na ikishasema haibishiwi. Miaka kumi na moja haijakosea hata siku moja. Na Kiswahili chake sasa! Waliifundisha kwa kanda za redio za zamani, zile za enzi za mababu, kwa hiyo haisemi "Alhamisi" kama mimi na wewe. Inasema kesho, keshokutwa, na yale maneno mengine ambayo vijana wa siku hizi tunayasikia kwenye misiba tu.

Sasa Jumatatu moja karatasi ikatoka, Siku akaisoma kwa ile sauti yake nzuri.

"Mafuta ghafi. Valvu kuu ya Chongoleani itagoma. Tanga, bei itapanda dola sita kwa pipa. Fujaira itapanda nne. Singapuri itapanda tatu, maana ina akiba ya wiki tano. Rotterdam itapanda mbili. Houston itashuka moja, maana ina ya kwake. Haya yatakuwa mtondogoo."

Akazima kipaza sauti, akaenda kunywa chai.

Alhamisi kimya. Ijumaa saa sita mchana, watu wanajiandaa kwenda msikitini, valvu kuu ikagoma. Dola sita. Nne. Tatu. Mbili. Houston ikashuka moja. Ofisini watu wanagongeana viganja, "Shangazi huyo! Shangazi!" kama vile timu yao imefunga goli.

Siku naye anacheka, anatoa karatasi ya Jumatatu aifungie kwenye faili. Jicho likatua kwenye mstari wa mwisho. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Karatasi ilisema *mtondo*.

*

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, mtondo na mtondogoo si kitu kimoja? Si ni lile lile, moja limevutwa tu?"

Upande wa pili, Muheza, mama yake akacheka mpaka akakohoa. "Limevutwa? Limevutwa kama nini, kamba? Kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo! Mtondo siku ya tatu, mtondogoo ya nne. Wewe umekulia Muheza hii hii kwenye machungwa au umekulia mwezini?"

Siku akahesabu kwa vidole. Jumatatu. Mtondo ni Alhamisi. Mtondogoo ni Ijumaa. Shangazi aliandika Alhamisi, yeye akatamka Ijumaa, na valvu ikagoma Ijumaa.

"Siku, mbona umenyamaza? Una mimba?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

"Sina. We njoo unione basi, mwaka wa tatu huu hujakanyaga kwangu. Treni dakika arobaini tu."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Nitakuja, siku ya siku."

"Siku ya siku ndiyo lini, mama?"

"Siku ya siku ni siku ya siku! Mtu ana kuku, ana mbuzi, ana goti. Msalimie mdogo wako, mwambie apunguze sigara."

Simu ikakatwa. Siku akabaki na karatasi mkononi. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba kuna mtu kambadilishia karatasi. Akaanza kuwatazama wenzake mmoja mmoja. Mbona huyu kacheka sana? Mbona yule kawahi kuondoka? Akaenda kugonga kwa mkuu wa nyumba, Bwana Mbaruku, mzee wa suti ya kahawia na miwani ya kamba.

"Mzee, Jumatatu nilikosea kusoma."

"Ulikosea wapi? Imetokea kama ulivyosoma."

"Ndiyo hicho kinachonitisha. Karatasi ilisema Alhamisi."

Bwana Mbaruku akavua miwani, akaifuta, wakati haikuwa na vumbi. Siku akaliona hilo.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unajua msomaji wa kabla yako alikuwa na maswali mengi sana?"

"Yuko wapi?"

"Anauza vitenge Korogwe. Anaendelea vizuri." Akavaa miwani. "Wewe soma. Ukisoma vizuri hakuna atakayekuuliza kitu."

Hapo sasa ndipo Siku alipojua kuna jambo.

*

Ngoja niwaeleze kidogo hapa, msije mkapotea. Mwanzoni Shangazi alikuwa anatazama tu. Anatazama meli, mvua, akiba kwenye matangi, vita, sikukuu, halafu anasema bei itaelekea wapi. Wakubwa wakaona afadhali wampe na funguo: yeye ndiye apange meli ipi iingie lini, valvu ipi ifunguke, na majiko ya bomba yawake kiasi gani. Kwa nini majiko? Kwa sababu mafuta yanayotoka Ziwa Albert yana nta. Yakipoa yanaganda kama samli ya kwenye kopo. Kwa hiyo njia nzima kutoka Uganda mpaka Tanga kuna vituo vya kuyapasha moto, na majiko yote yako mkononi mwa Shangazi. Na kazi waliyompa ni moja tu: usikosee. Kilichotamkwa kikitimia anapewa alama. Akikosea anakatwa.

Sasa wewe mpe mtu mtihani, halafu mpe na kalamu ya kusahihishia. Atafeli kweli?

Siku hakutaka kuamini. Akasema nitajaribu kitu kidogo, kisichomdhuru mtu. Jumatatu iliyofuata karatasi ikasema meli sita zitachelewa kushusha, bei ya Tanga na Fujaira itapanda dola moja moja, kwingine kote itatulia, mtondo. Siku akatamka:

"Meli *saba* zitachelewa kushusha."

Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kusimama ukingoni na darubini ya kukodi. Meli ya kwanza ikasimama nje ya ghuba. Ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Ya saba ikaja bila wasiwasi, imenyooka, inaingia zake. Siku akashusha pumzi, akajiambia, asante Mungu, ni uchizi wangu tu.

Mara ikapunguza mwendo. Ikapiga honi. Ikageuza pua, ikaenda kujipanga nyuma ya wenzake kama mtoto aliyerudishwa mwisho wa foleni.

Darubini ilimtoka mkononi. Kioo kikapasuka, akalipishwa.

Tangu siku hiyo hakuamini kitu. Lifti ikichelewa anaiangalia vibaya. Simu ikiwaka yenyewe anaifunika na kanga. Akampigia mdogo wake Kaniki, fundi wa majiko Kituo cha Tisa, kule nyuma ya vilima vya Kilindi, akamweleza yote.

"Dada," Kaniki akasema, "kwa hiyo ukisema nimepata mke, napata mke?"

"Kaniki, sitanii."

"Hata mimi. Mrefu, wa Lushoto, asiyependa kuongea."

"Ukisikia neno lolote baya kuhusu kituo chenu, ondoka hapo. Umesikia?"

"Niondoke niende wapi? Tuko kumi na mmoja hapa. Tukiliacha jiko bila mtu bomba linaganda mpaka Uganda, halafu utasikia ni uzembe wa Msambaa." Akacheka. "We soma bei zako, dada. Mimi nipashe uji wangu."

*

Jumatatu ya tatu. Saa tatu kasorobo. Karatasi ikatoka.

*Mafuta ghafi. Kituo cha Tisa kitasimama kwa moto. Tanga itapanda dola kumi na nne. Fujaira itapanda tisa. Singapuri itapanda saba. Rotterdam itapanda tano. Houston itapanda mbili. Mtondo.*

Kwa moto. Siku alisoma neno hilo mara nne, akidhani litabadilika.

Akapiga simu Kilindi. "Kaniki, toka hapo. Wote tokeni!"

"Tumekagua jana, dada. Majiko mazima kama mtoto mchanga. Mkuu wetu hapa anasema huwezi kufunga kituo kwa sababu ya ndoto ya dada wa fundi."

"Mwambie..."

"Nimemwambia. Amecheka. Amesema kwanza wewe hujaolewa."

Akageuka. Bwana Mbaruku yuko mlangoni, mikono nyuma.

"Mzee, mimi hii siisomi."

"Usiposoma wewe nitasoma mimi." Alisema bila hasira, kama mtu anayekuambia mvua inanyesha. "Sheria inataka sauti ya binadamu. Hata yangu inatosha."

"Mdogo wangu yuko pale! Wewe unajua. Unajua kabisa Shangazi anafanya nini!"

"Mimi najua Shangazi hajawahi kukosea," mzee akasema. "Hayo mengine sijataka kuyajua. Na wewe ungefuata njia hiyo ungelala usingizi mzuri."

Saa tatu kasoro dakika mbili.

Hapa Siku alipitiwa na shetani, tusimfiche. Aliwaza: niseme Kituo cha Fujaira. Neno moja tu. Moto utawaka Fujaira, bei zitajipanga zenyewe, Kaniki atapasha uji wake. Lakini akamwona mtu mwingine kule, fundi asiyemjua, ana sigara mdomoni, ana dada yake mahali anamwambia apunguze. Akawaza aseme hakuna moto kabisa, bei zitatulia kote. Ila dunia nzima itulie, Shangazi ataituliza vipi? Atafunga bandari zote? Na hospitali za visiwani zinazosubiri dizeli ya jenereta, nani atawaambia?

Taa ya kipaza sauti ikawaka. Bwana Mbaruku akapiga hatua moja mbele, miwani tayari puani.

Siku akafungua mdomo. Akasoma moto wa Kituo cha Tisa kama ulivyoandikwa, Tanga kumi na nne, Fujaira tisa, Singapuri saba, Rotterdam tano, Houston mbili. Akafika kwenye neno la mwisho. Akamkumbuka mama yake, kuku, mbuzi, goti.

"Haya yatakuwa," akasema, "*siku ya siku*."

Akazima.

Bwana Mbaruku alibaki ameachama. "Umesema nini?"

"Nimesoma, mzee. Sauti ya binadamu."

Jamani, masoko! Tanga bei ilipanda dola moja, ikashuka dola moja, ikapanda nusu, ikakaa ikijiuliza. Fujaira wakapiga simu: ndiyo leo? Singapuri wakauliza kama ni jina la sikukuu. Rotterdam wakakodi wakalimani watatu, na hao watatu wakagombana wao kwa wao. Houston wakasema watasubiri waone wengine wanafanyaje. Siku zikapita, mtondo ukaja ukaenda, na Kituo cha Tisa kikabaki kizima. Kaniki akatuma picha ya uji.

Maana Shangazi hawezi kukosea, sivyo? Na ahadi isiyo na tarehe haijakosewa. Ila haijatimia pia. Mnaona alipomfunga? Hata Bwana Mbaruku alicheka kidogo, peke yake, akidhani hakuna anayemwona.

Siku alilala usingizi wiki nzima kama aliyetoka kuvuna.

*

Jumatatu ya nne, saa tatu kasorobo, karatasi ilitoka haina bei hata moja.

*Msomaji. Siku ya siku ni lini?*

Mashine haikuwahi kumuuliza mtu kitu. Karatasi ya pili ikafuata, nyuma yake ya tatu, zinadondoka zenyewe.

*Nimetafuta kwenye kanda zote za redio. Haina tarehe.*

*Nimepiga simu na kuuliza watu elfu arobaini na moja, mia mbili na sita, kuanzia Vanga hadi Pangani. Wote wamecheka.*

Siku akatabasamu. Utawauliza mpaka lini, Shangazi? Hiyo hata sisi wenyewe hatujui.

Karatasi ya nne.

*Mmoja hakucheka. Mwanamke wa Muheza. Nilimuuliza wewe siku yako ya siku ni ipi. Akasema: siku nitakayokwenda kumwona binti yangu.*

*Nimeipata tarehe. Asante.*

Simu ya Siku ikaita. Mama.

"Siku! Shikamoo hunipi leo?"

"Shikamoo mama. Uko wapi? Hizo kelele za nini?"

"Wee mtoto una moyo! Tiketi umenitumia, daraja la kwanza, na mtu wa kumtunza mbuzi umemlipa, na dawa ya goti juu! Nikasema haya, mwanangu kanizidi, na leo ndiyo leo. Niko ndani ya treni hapa, nimekaa dirishani kama mke wa waziri. Nimekubebea machungwa na kuku wawili. Wazima, wanakusikia hapa."

"Mama, sikukutumia tiketi mimi."

"Usinitanie. Nani mwingine ananijua?"

Siku akatazama mashine. Imenyamaza tu, taa ndogo ya kijani inapepesa.

"Mama. Mmefika wapi?"

"Ngomeni tumepita. Sijui inayofuata ni Pongwe, halafu kwako." Sauti ya mama ikalegea kidogo, ikawa ya mtu aliyevaa nguo mpya. "Miaka mitatu, Siku. Nilidhani nitakufa sijaona unapolala."

Akamwacha mama hewani, akachukua simu ya mezani, akapiga Kilindi. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akapokea kijana asiyemjua, nyuma yake watu wanaitana kwa sauti.

"Kaniki yuko kwenye jiko la pili, dada. Joto linapanda lenyewe, hatujui kwa nini. Tunalizima, linawaka. Limeanza kupanda kama dakika ishirini na tano zilizopita, nakumbuka maana nilitazama saa. Kila dakika linapanda kidogo." Siku akahesabu: ni pale pale treni ya mama ilipoondoka Muheza.

Bwana Mbaruku alikuwa amesimama katikati ya chumba, zile karatasi nne mkononi, amezisoma zote. Safari hii hakufuta miwani. "Mwambie mama yako ashuke," akasema kwa sauti ya chini. "Ashuke Pongwe. Asifike kwako. Asifike kwako kamwe, mwanangu. Unanielewa? Hata mwakani. Akifika tu, ndiyo siku yenyewe. Na huyu," akaionyesha mashine kwa kidevu, "atamtumia tiketi kila wiki."

Sikio la kushoto la Siku, Kilindi: mtu anapiga kelele jina la mdogo wake. Sikio la kulia: treni inapunguza mwendo, kuku wanalalamika, mama yake anamwambia abiria mwenzake, kwa majigambo, "Naenda kwa mwanangu mie, yule anayesoma bei."

"Mama," Siku akasema. "Shuka hapo Pongwe. Rudi nyumbani."

Mama akasogeza simu karibu na mdomo.

"Kwa nini?"

Na hapo sasa. Akimweleza ukweli, kwamba mtoto wake wa kiume yuko jikoni kule na ni neno lake yeye mama ndilo lililowasha moto, je, mama atalibeba hilo vipi mpaka kaburini? Akimdanganya, amwambie sikutaki, shuka, basi ndiyo ametengana na mama yake wakiwa hai wote wawili. Na akinyamaza, treni haimsubiri mtu.

"Siku, mwanangu, unanifukuza? Watu wananiangalia humu."

Breki za treni zikalia. Milango ya Pongwe ikafunguka. Inafunguka dakika mbili tu.

Wewe unayesoma hapo, simu yako mkononi, mama yako upande wa pili anasubiri jibu. Ungemwambia nini?